Siku ya Kipupwe katika Mji wa Wadachi

Ndugu msomaji, ukijaliwa kuja Dar es Salaam, uje mwezi wa Julai. Ndio wakati wa kipupwe: upepo wa kusi wavuma, jua si kali, na mtu aweza kutembea mjini kwa miguu bila kuloa jasho. Wenyeji watakuambia kuna baridi, na asubuhi utawaona wamevaa sweta. Kama umetoka Njombe au Lushoto, tafadhali usiwacheke mbele yao.

Anzia bandarini, kwenye Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Ingia kwanza, upige magoti kidogo, ndipo utazame. Wamisionari Wadachi walianza kulijenga mwaka 1897, likamalizika mwaka 1902. Tazama matao yake yaliyochongoka juu, na vioo vya rangi nyuma ya altare. Kisha fuata njia ya pwani, utaliona kanisa la Walutheri, kuta nyeupe na vigae vyekundu, lililoanzwa mwaka 1898. Mdachi akisimama hapo angedhani yuko kwao, isipokuwa kwao baridi huja Desemba, wakati sisi twaungua kwa joto.

Mji wenyewe haukuanzwa nao. Aliyeuanza ni Sultani Majid wa Unguja, katika miaka ya 1860. Naye alipokufa mwaka 1870 majumba yake yakaachwa, mengine yakabomoka. Wadachi wakaja, na mwaka 1891 wakahamisha makao makuu ya serikali kutoka Bagamoyo.

Sasa panda kutoka kwenye kanisa la Walutheri uende kwenye Sanamu ya Askari, barabara ya Samora. Hapo zamani ilisimama sanamu ya Wissmann, gavana wa Wadachi, na chini yake askari Mwafrika akimtazama bwana wake. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916 waliiondoa. Mwishowe ilipelekwa Hamburg, nako huko wanafunzi wakaiangusha mwaka 1968. Askari huyu wa sasa aliwekwa mwaka 1927. Yuko peke yake, singe lake limeelekea bandarini. Soma maandishi yaliyo chini, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Yanawataja wapagazi pia, nayo yaahidi kwamba aliyekufa vitani jina lake litakumbukwa na wanawe. Lakini mpagazi mwenyewe hayupo juu ya nguzo. Nairobi wamemweka, pamoja na wenzake wenye bunduki. Hapa ukitaka kumwona yakupasa kwenda mbele.

Basi fuata Samora mpaka Mnara wa Saa, ushike barabara ya Uhuru. Utapita Mnazi Mmoja, uwanja ulioachwa wazi ili kutenga mitaa ya Wazungu na Wahindi na mitaa ya Waafrika. Leo watoto wacheza mpira hapo. Ukiisha kuuvuka, watu wanazidi, makelele yanazidi, nawe shika mfuko wako vizuri: umefika Kariakoo.

Kabla ya vita Wadachi walijenga hapa jumba la soko, na vita ya mwaka 1914 ikalikuta halijaanza kazi. Waingereza walipoingia wakaweka kambi ya wapagazi wa jeshi lao. Kikosi hicho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Wazee wetu wakalitamka kwa ulimi wao, likawa Kariakoo.

Kwa nini wapagazi? Kwa sababu ndorobo waliwaua farasi na nyumbu, na barabara za motokaa hazikuwako. Risasi, unga, mahema, hata vipande vya mizinga, vyote vilikwenda juu ya vichwa vya watu. Pande zote mbili ziliwakamata wanaume vijijini. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi hawakuuawa na risasi, bali njaa, homa, kuhara damu, na posho wasiyoizoea.

Mwaka 1923 jumba lile likawa soko. Soko kubwa tunalolijua lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, lenye paa za zege mfano wa miavuli iliyopinduliwa. Mwalimu Nyerere alilifungua mwaka 1975. Liliungua moto Julai 2021, ikabidi litengenezwe upya.

Nilisimama pale mtaa wa Kongo, nikamkumbuka mjomba wa bibi yangu. Bibi alikuwa akitusimulia jikoni: siku moja walikuja watu wenye kamba, wakamtwika mzigo, wakaenda naye upande wa Rufiji, asirudi. Jina lake bibi alilitaja kila mara. Sisi watoto tulikuwa tukingoja viazi viive. Bibi amekwisha kufa, nami nimewauliza shangazi na baba wadogo wote, hakuna anayelijua.

Kama kwenu yuko mzee anayekumbuka habari za mtu wa namna hii, mwulize jina jioni ya leo, uliandike nyuma ya daftari la mtoto.

Mchukuzi mmoja alinitoa katika mawazo hayo. Alikuja na gunia la vitunguu kichwani, shingo imekaza, akipiga kelele, “Pisha, baba, pisha!” Nikampisha.