The Night Of: mwangalie baba, si muuaji tu

Kama umeshaona Criminal Justice ya BBC (2008), utauliza: The Night Of ya nini tena? Jibu ni uandishi. Kwa Waingereza, mtuhumiwa wa mauaji ni Ben. HBO walipoigeuza mwaka 2016, Richard Price na Steven Zaillian wakamleta Naz, mtoto wa Wapakistani wa Queens. Teksi ya baba, iliyochukuliwa bila ruhusa, ipo katika zote mbili. Lakini New York baba ana wabia wawili. Polisi wakiishikilia kama ushahidi, riziki ya nyumba tatu inakwama. Hapo hawakubadilisha jina tu, jamani. Sisi watoto wa wahamaji hesabu hiyo tunaijua: anakamatwa mmoja, wanalipa wote.