KIHORO NA MAPIGO YA MOYO

Tangu zamani wazee husema fulani amekufa kwa kihoro. Sisi wanafunzi wa sayansi hucheka tusikiapo hayo. Mimi sicheki tena, na sababu ni hii.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Nakivale, katika makazi ya wakimbizi. Nyanya yangu alipata habari kutoka Kongo kwamba mwanawe amefariki. Palepale akashika kifua, akakosa pumzi. Majirani wakasema, "Ni uchungu tu, mwacheni alie." Nami nikanyamaza. Usiku mapigo yake yakaenda ovyo, mara mbio, mara kusita. Ndipo tukampeleka hospitali, Mbarara.

Huko ndiko nilikoelezwa jambo hili. Madaktari wa Japani waliueleza ugonjwa huu mwaka 1990, wakauita takotsubo, maana yake mtungi wa kutegea pweza, wenye tumbo pana na shingo nyembamba. Mtu akipatwa na huzuni au hofu kubwa, tezi zilizo juu ya mafigo humwaga adrenalini katika damu. Yaaminiwa kwamba ikizidi mno hulegeza nyama ya moyo upande wa kushoto. Ncha ya chini hutanuka, juu hubaki pembamba, mithili ya mtungi ule. Lakini mishipa ya moyo haikuziba. Wagonjwa wengi ni wanawake waliopita umri wa kuzaa.

Basi, mapigo yanaingiaje hapo? Kila pigo huongozwa na umeme mdogo upitao katika nyama ya moyo. Baada ya pigo, nyama hujiweka tayari kwa pigo jingine. Nyama iliyolegea huchelewa kuwa tayari. Umeme mwingine ukizuka kabla ya wakati, mwendo huharibika, na mtu aweza kufa ghafula. Hatari ni kubwa siku za mwanzo. Akivuka hapo, kwa kawaida moyo hurudia umbo lake baada ya majuma machache.

Nyanya alipona. Lakini nusura tumpoteze kwa ajili ya neno "tu". Kwa macho hakuna awezaye kuupambanua ugonjwa huu na mshtuko wa moyo utokanao na mshipa kuziba. Hata daktari huhitaji kuupima umeme wa moyo na kuupiga picha. Kwa hiyo, ndugu zangu, aliyefiwa akishika kifua, mpelekeni hospitali upesi. Kulia atalia huko huko.