Je, Wajua? Kachumbari ya Pichi Huliwa Wakati wa Mvua

Je, wajua kwamba pichi na plamu za Njombe huiva kati ya Desemba na Februari, mvua zikiwa zimepamba moto? Kusini mwa ikweta hayo ndiyo majira ya joto. Lakini siri ya mavuno hayo ni baridi ya Juni na Julai: miti hii hupukutisha majani, na bila baridi ya kutosha machipukizi yake hayaamki vizuri. Ndiyo maana inastawi Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na si Dar es Salaam.

Kwa mkazi wa Ilembula au Makambako mkoani Njombe, basi, huu ndio wakati wa kuiongezea kachumbari matunda. Chagua pichi ngumu kidogo, maana iliyolainika sana hupondeka. Ikatekate pamoja na plamu, nyanya na kitunguu kilichooshwa kwa maji ya chumvi, kisha tia pilipili, majani ya giligilani na ndimu. Parachichi liingie mwisho. Likikatwa, vimeng'enya vyake hukutana na hewa na nyama hugeuka kahawia. Asidi ya ndimu huchelewesha jambo hilo. Chumvi nayo itiwe wakati wa kula, kwa kuwa huvuta maji kutoka kwenye matunda na bakuli zima huwa mchuzi. Kwa nyama choma au maharage na ugali, sijaona kitoweleo kinachoishinda kachumbari hii.

Na kama parachichi la kachumbari yako bado ni gumu, kumbuka kwamba tunda hili haliivi likiwa mtini. Huanza kulainika baada ya kuchumwa.