Zawadi za Krismasi: Thamani Inayopotea Njiani

Mwaka 1993 mchumi wa Marekani, Joel Waldfogel, alichapisha katika jarida la American Economic Review uchunguzi kuhusu zawadi za Krismasi. Aliwauliza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale wangekuwa tayari kulipa kiasi gani kwa zawadi walizopewa, bila kuhesabu mapenzi ya mtoaji. Ilionekana kuwa kati ya asilimia 10 na theluthi moja ya thamani ilipotea.

Tuseme shati limenunuliwa shilingi 20,000, lakini aliyepewa asingelinunua kwa zaidi ya 16,000. Muuzaji amepata fedha yake yote, ila zile 4,000 za mnunuzi hazikumnufaisha mpokeaji. Hasara ilikuwa kubwa zaidi kwa zawadi za babu, bibi, shangazi na wajomba, na ndogo kwa zile za marafiki, wanaojua mwenzao anapenda nini.

Mfanyabiashara, usiagize mali ya Januari kwa kutazama mauzo ya Desemba pekee. Jiulize kwanza ni nani angeinunua kwa matumizi yake mwenyewe. Na mtoaji asiyejua mahitaji ya mpokeaji, heri atoe fedha taslimu.