Kila Bafa Mahali Pake: Mpangilio wa Madirisha katika Emacs

Kihariri matini ni programu ya kompyuta inayomwezesha mtumiaji kuandika na kurekebisha maandishi matupu, yaani maandishi yasiyobeba ndani yake rangi wala aina za herufi, kama vile msimbo wa programu, kumbukumbu za seva au rasimu ya kitabu. Vichache kati ya vihariri hivyo vinaprogramika, kwa maana kwamba mtumiaji haishii kuteua machaguo yaliyokwisha kuandaliwa, bali hupewa lugha kamili ya programu ambayo kwayo anaweza kubadili tabia ya kihariri hata kikiwa kinaendelea kufanya kazi. Kielelezo mashuhuri ni Emacs, iliyoanza mwaka 1976 katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT nchini Marekani, na ambayo toleo lake la GNU, lililoanzishwa na Richard Stallman, lilitolewa kwa umma mwaka 1985. Sehemu kubwa ya toleo hilo imeandikwa kwa lahaja ya lugha ya Lisp, na kwa sababu hiyo hata swali la wapi kitu kionekane kwenye skrini linaweza kujibiwa na mtumiaji mwenyewe kwa kanuni anayoiandika.

Ili kuuelewa mpangilio wa vitu kwenye skrini ya Emacs, ni lazima kwanza kutofautisha mambo matatu. Fremu ni eneo zima la programu kwenye skrini, lile lenye vitufe vya kulipunguza na kulifunga, ambalo watumiaji wa programu nyingine wamezoea kuliita dirisha. Dirisha, kwa istilahi ya Emacs, ni kila kipande cha fremu kinachoonyesha maandishi. Bafa ni maandishi yenyewe yakiwa katika kumbukumbu ya kompyuta, yawe yametoka kwenye faili au yamezalishwa na amri fulani. Kwa kuwa dirisha halimiliki bafa bali huionyesha tu, bafa moja inaweza kuonekana katika madirisha mawili kwa wakati mmoja, na kulifunga dirisha hakufuti hata herufi moja. Mfasiri anayebonyeza Ctrl-x kisha 3 huiona fremu ikigawanyika ubavu kwa ubavu, na anaweza kuiacha sura ya kwanza ya kazi yake upande wa kushoto huku akisahihisha sura ya tisa ya faili hiyohiyo upande wa kulia.

Ugumu hauanzii kwenye mgawanyo ambao mtumiaji ameuomba, bali pale amri inapotaka kuonyesha kitu kipya, kwa mfano maelezo ya msaada au orodha ya makosa ya programu, na Emacs ikalazimika kuamua yenyewe mahali pa kukiweka. Kwa mipangilio ya kawaida, ikiwa bafa inayohusika haionekani tayari, Emacs hujaribu kuligawa dirisha lililopo: likiwa na mistari isiyopungua 80 hugawanywa juu na chini, na likiwa fupi kuliko hapo lakini lina upana wa safu zisizopungua 160, safu ikiwa ni nafasi ya herufi moja, hugawanywa kushoto na kulia. Masharti yote mawili yasipotimia, hutumiwa dirisha jingine lililopo, na ikiwa fremu ina dirisha moja tu, hilo hugawanywa juu na chini. Ndiyo maana amri ileile hufungua msaada chini ya maandishi kwenye kompyuta ndogo ya mkononi, huufungua upande wa kulia kwenye skrini pana, na mara nyingine huuweka juu ya faili ambayo mtumiaji alikuwa akiisoma. Utaratibu huo una mantiki yake, lakini kwa kuwa unategemea vipimo vya skrini na madirisha yaliyo wazi kwa wakati huo, jicho halijifunzi kamwe pa kutazama.

Tiba yake ni kigeu kiitwacho display-buffer-alist, kilichoingizwa katika toleo la 24 mwaka 2012. Kigeu ni jina linalohifadhi thamani, na thamani ya hiki ni orodha ya kanuni, kila kanuni ikiwa na sehemu tatu: sharti la kuitambua bafa, ambalo aghalabu ni muundo wa jina lake, kitendo cha kuionyesha, na maelezo ya ziada kama vile upande na ukubwa. Kanuni husomwa kuanzia ya kwanza, na ile ya kwanza kuafikiana na bafa ndiyo inayotumika, hivyo zilizo mahususi hutangulia na za jumla hufuata. Jambo lenye uzito zaidi ni kwamba orodha hii hutazamwa kabla ya matakwa ya mtunzi wa amri, kwa hiyo aliyeandika amri hupendekeza mahali, lakini neno la mwenye skrini ndilo linalotangulia.

Miongoni mwa vitendo vinavyoweza kutajwa katika kanuni kimo display-buffer-in-side-window, kinachoiweka bafa katika dirisha la pembeni. Dirisha la aina hii halizaliwi kwa kukata dirisha ambalo mtu analifanyia kazi, bali huambatishwa kwenye ukingo wa fremu, kushoto, kulia, juu au chini, likiliacha eneo la katikati lijigawe litakavyo. Kila ukingo unaweza kuwa na nafasi kadhaa zinazotambulishwa kwa namba, ambapo sifuri ni nafasi ya kati, namba hasi hukaa kabla yake na namba chanya baada yake.

Kwa mwandishi wa programu, mpangilio unaofaa unaweza kujengwa kwa kanuni tatu. Ya kwanza huichukua bafa ya matokeo ya kompaila na kuiweka ukingo wa chini kwa urefu wa 0.25, maana yake robo ya fremu, kwa kuwa desimali husomwa kama sehemu ya fremu ilhali namba nzima husomwa kama idadi ya mistari au safu. Ya pili huupeleka msaada ukingo wa kulia kwa upana wa safu 80. Ya tatu huweka orodha ya mafaili ukingo wa kushoto kwa upana wa safu 30, na kwa kuwa orodha hiyo hubeba pia tarehe, ukubwa na ruhusa za kila faili, kitufe cha mabano ya kufungua hutumika kuyaficha hayo ili majina yaenee. Kanuni hiyo ya tatu inaweza kuongezewa sifa ya no-delete-other-windows, inayoilinda orodha dhidi ya amri ya Ctrl-x kisha 1, ambayo vinginevyo huyafunga madirisha yote isipokuwa lile linalotumika. Nafasi ikihitajika kwa muda, amri ya window-toggle-side-windows huyaficha madirisha yote ya pembeni na kuyarudisha kama yalivyokuwa.

Hata hivyo, zipo amri zinazolazimisha bafa ionekane katika dirisha lilelile linalotumika, na hizo huzipita kanuni bila kuziuliza. Tangu toleo la 27, kigeu cha switch-to-buffer-obey-display-actions kikiwashwa, amri hizo nazo huzitii. Aidha, mpangilio ukivurugika, Winner, ambayo ni sehemu ya Emacs, hukumbuka mipangilio iliyotangulia na kuirejesha mmoja baada ya mwingine.

Anayeanza hana haja ya kuiandika orodha yote kwa siku moja. Inatosha kuichunguza bafa moja inayomsumbua kila siku, kulisoma jina lake kwenye mstari wa hali chini ya dirisha, na kuiandikia kanuni moja, kisha kuongeza nyingine haja inapojitokeza. Kanuni hizo huhifadhiwa katika faili la matini, kwa hiyo huhamishika kutoka kompyuta moja hadi nyingine, na anayelisoma faili hilo anaweza kueleza kwa nini kila dirisha limekaa pale lilipo. Kompyuta inayotumika kwa saa nyingi ni mahali pa kazi, na anayefanya kazi hapo anastahili kuamua mwenyewe jinsi patakavyokaa.