Nafasi ya Shule kwa Mtoto Mwenye Ulemavu

Kila ifikapo Januari wazazi huandikisha watoto darasa la kwanza. Lakini katika vijiji vyetu vya Zombo, kama kwingineko, yupo mtoto anayebaki nyumbani akichunga kuku, kwa sababu hasikii, haoni vizuri au huanguka kifafa. Mzazi husema, “Huyu hawezi shule.” Mara nyingi mtoto anaweza kabisa. Tatizo ni kwamba hajapimwa, na hakuna aliyetafuta shule inayomfaa.

Tuanze na masikio. Mtoto asiyesikia huitwa bubu, kumbe sauti anayo; hajawahi kusikia maneno ya kuiga. Chanzo chaweza kuwa homa ya uti wa mgongo, kuchelewa kulia alipozaliwa, au alizaliwa hivyo. Simama nyuma yake, asikuone, upige makofi au umwite. Asipogeuka mara kadhaa, mlete hospitali. Anayetokwa usaha masikioni naye aletwe mapema, maana huyo anaweza kutibiwa usikivu ukabaki. Tafadhali msimtie mafuta ya taa wala maji ya majani.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu. Nadhani hapo sheria imesema vema. Mtoto kiziwi akiketi peke yake kati ya wenzake wanaosikia, mbele ya mwalimu asiyejua lugha ya alama, hunakili ubaoni miaka mingi asielewe neno. Huyo anahitaji shule au kitengo chenye viziwi wenzake. Kanisa letu lilianzisha shule ya viziwi Tabora mwaka 1963, na Waanglikana walitangulia kufungua ya wasioona Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Nafasi za bweni ni chache, hivyo usingoje mtoto afike miaka kumi. Anza kuuliza akiwa na minne.

Mtoto mwenye ualbino ni habari nyingine. Simwoni sababu ya kupelekwa mbali ikiwa usalama wake upo. Macho yake ni hafifu kwa asili, na miwani haimalizi tatizo lote. Aketi mbele, asogee hadi ubaoni akitaka, asomewe kwa sauti yaliyoandikwa, avae kofia pana na mikono mirefu. Hayo yanawezekana hapa hapa kijijini.

Na kifafa? Mkoani mwetu, huko Mahenge, Daktari Louise Jilek-Aall alianza kliniki ya kifafa karibu mwaka 1960, naye akaona dawa ya bei nafuu, fenobabito, inavyowarudisha wengi kwenye maisha ya kawaida. Povu la mgonjwa haliambukizi. Mtoto akianguka darasani, mwalimu amlaze ubavu, aondoe vitu vigumu karibu naye, asimtie kijiko mdomoni. Degedege likipita dakika tano, akimbizwe kwenye zahanati. Dawa anywe kila siku hata akikaa miezi bila kuanguka. Wanaoziacha wenyewe ndio wanaoanguka motoni.

Mtoto akishapimwa, omba cheti cha hospitali kinachoeleza hali yake. Kipeleke kwa mwalimu mkuu, kisha kwa afisa wa elimu maalumu wa Halmashauri, pale Kilosa. Yeye ndiye anayejua shule zenye nafasi. Nendeni kabla ya masika, maana safari huwa ngumu. Ada ya shule za msingi za serikali ilifutwa, lakini nauli, godoro na sabuni havikufutwa. Ongeeni mapema na jumuiya yenu ndogo ndogo.

Mkipata bweni, mama na baba mwende wote kuliona. Ulizeni nani analala na watoto usiku, nani anawaogesha walio wadogo, na nani anajua alama za mtoto huyo anaposema ameumizwa. Tena likizo ikifika mfuateni. Wapo watoto wanaobaki bwenini Desemba nzima, mizigo imefungwa, wakitazama barabara.