Nyanya Iliyochumwa Ingali Hai

Nyanya iliyochumwa huendelea kupumua. Huvuta oksijeni, hutoa joto, na hutoa pia gesi ya ethilini inayoliivisha tunda lenyewe na majirani zake ndani ya tenga. Ndiyo sababu mkulima wa Lushoto anayepeleka mzigo Dar es Salaam kwa dalali hulazimika kuchuma nyanya zinapoanza tu kubadilika rangi. Zilizoiva zitapondeka njiani. Anayewauzia walaji mwenyewe, gulioni au kando ya barabara, aweza kungoja tunda liwive mtini, likizidi kupokea sukari kutoka majanini. Utamu huo ndio mtaji wake. Mfanyabiashara wa mbali hawezi kuushindania.

Muda wake, hata hivyo, ni mfupi. Yampasa achume alfajiri, kabla jua halijalipasha tunda joto, na auweke mzigo kivulini. Wala jokofu lisimdanganye: chini ya nyuzi 10 za Sentigredi nyanya hupoteza ladha, na mbichi haiivi sawasawa. Auze kwa mizani, mbele ya mnunuzi. Mafungu, nionavyo mimi, huzaa ubishi usiokwisha.

Tena bei ya rejareja si faida tupu, kwani siku ya gulio ni siku asiyopalilia. Afadhali auze mwenyewe zilizoiva, na zilizo ngumu ampe dalali.